Tangu tuanze kulipia kazi ndogo ndogo, wa kujitolea wamepotea. Tumekosea wapi?

#1 MlinziWaDaftari (Kampala)
Wakuu, salamu. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Baadhi yenu mnaijua programu yetu ya daftari la vikundi vya akiba. Ni huria, ni ya bure, inakubali simu ya bei ya chini na haihitaji intaneti. Tuliianza 2019, watu wanne chumba kimoja Kikoni, na hakuna aliyewahi kulipwa hata bando. Mwaka jana msamaria mmoja akatupa milioni 9, sharti lake likiwa moja: "zitumike kwa kazi, si kwa mikutano". Tukabishana wiki tatu, mwisho tukaamua kuzitia bei zile kazi ndogo zilizolala kwenye orodha muda mrefu. Nyepesi 30,000, ya kati 60,000, nzito 120,000. Yeyote anachukua, kiraka chake (rekebisho la programu) kikiunganishwa, pesa inaingia kwenye simu yake siku hiyo hiyo.

Tulianza Machi. Kabla ya hapo tulikuwa tunapokea viraka kama 15 kwa mwezi, vyote vya bure. Tangu Mei vya bure ni 4 tu. Na juzi kijana ambaye yuko nasi tangu akiwa chuo, nilipomwomba arekebishe neno moja kwenye tafsiri, neno moja, aliniuliza: "Hiyo iko kwenye daraja gani la bei?"

Mpaka leo sijamjibu.

#2 Mchambuzi_Tororo
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pembeni na rolex yangu, chapati ya mayai mawili.

#3 Mwalimu_Mbale
Mleta uzi, pole. Hili nimeliona nyumbani kwetu kabla sijajua kompyuta ni nini.

Mama yangu alikuwa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji. Hawana mshahara. Alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba, mtoto ana homa anampeleka kituoni, na akirudi jioni watu wanamwita "daktari". Hilo jina lilikuwa mshahara wake. Kisha ukaja mradi mmoja (sitautaja) ukaanza kulipa nauli na posho kwa kila kikao. Miaka miwili watu walijaa vikaoni. Mradi ulipofunga virago, posho ikaisha, na zile ziara za nyumbani ambazo hazikuwahi kuwa na posho nazo zikaisha! Mama aliendelea, lakini majirani wakaanza kumuuliza, "Wewe bado wanakulipa?" Akijibu hapana, wanamtazama kama mjinga.

Kwa hiyo kijana wako hajaharibika. Mlimwonyesha bei, naye akajifunza kusoma bei.

#4 KaziNiKazi (Ntinda)
Nampinga mwalimu kwa heshima zote. Hizi hadithi za "jina lilikuwa mshahara wake" huwa zinasimuliwa na watu wenye mshahara. Mimi nimeandika kodi ya bure miaka minne. Mwenye nyumba hakuwahi kukubali kiraka kama kodi.

#5 Mchambuzi_Tororo
Hapo kodi ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi? Maana kuna ya programu, ya nyumba, na ya mamlaka ya mapato, URA.

#6 KaziNiKazi
Zote tatu nadaiwa.

#7 Kijana_wa_Malaba
😂😂 Uzi umefungwa, mshindi kapatikana.

Ila tukiwa serious: mleta uzi, hayo makato mmeyafikiria? Kila ukitoa pesa kwenye simu serikali inachukua asilimia 1. Halafu URA wanataka asilimia 6 ya ujira wa kibarua. Ukijumlisha, 30,000 inabaki ya chapati.

#8 MhasibuMpole (Jinja)
Malaba, tusipotoshane. Asilimia 1 ilikuwa Julai 2018, na ilikata kila kitu, kuweka, kutuma na kutoa. Watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi asilimia 0.5, kwa kutoa tu. Kwenye 30,000 hiyo ni shilingi 150, ukiacha ada ya mtandao wenyewe.

Na ile asilimia 6 haimhusu kila mtu anayelipa mtu. Inakatwa na mlipaji aliyeteuliwa rasmi kuwa wakala wa kuzuia kodi, tena malipo yanapopita milioni 1. Kikundi cha marafiki wa Kikoni hakimo humo. Mpokeaji ndiye anayepaswa kutangaza kipato chake mwenyewe, lakini hilo ni jambo jingine.

#9 Kijana_wa_Malaba
Nimekubali mhasibu, asante. 150 ni chini hata ya ile 200 ya OTT tuliyokuwa tunalipa kila siku ili tuingie WhatsApp.

#10 MhasibuMpole
OTT iliondoka 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Sasa huyo anayejitolea anainunua hiyo kodi kabla hajaandika mstari wa kwanza. Mkitaka kusaidia, anzeni na bando kwa wote, wa bei na wasio wa bei.

#11 Nubi_Bombo
Mimi nina swali la hesabu tu. Mleta uzi unasema vya bure vimeshuka kutoka 15 hadi 4. Vya kulipwa ni vingapi kwa mwezi?

#12 MlinziWaDaftari
@Nubi_Bombo kama 9. Tunatumia laki nne na kidogo kwa mwezi.

#13 Nubi_Bombo
Basi 4 na 9 ni 13. Ulikuwa na 15. Hakuna aliyepotea ssebo, wamehama foleni tu! Hebu tazama majina: hao wanaolipwa ni wageni au ni walewale?

#14 MlinziWaDaftari
Nimerudi kuangalia. Waliolipwa tangu Machi ni watu sita. Watano ni wale wale wa zamani.

Banange. Kumbe nimekuwa nikinunua nilichokuwa napewa.

#15 Mchambuzi_Tororo
Rolex imenipalia.

#16 Dada_Mkaguzi (Bukoto)
Nimevumilia mpaka #14. Wengine hamjui, mimi ndiye ninayepitia hivyo viraka kwenye mradi huu. Mlinzi ni kama kaka kwangu, hatanikasirikia.

Jumla ya 13 inadanganya. Zamani viraka 15 vilikuwa na kila kitu: mtu anasahihisha Luganda, mwingine anaongeza picha kwenye mwongozo, mwingine anamwelekeza mgeni jinsi ya kuweka programu kwenye simu ya bibi yake. Leo vyote tisa ni vya orodha ya bei. Mwongozo haujaguswa tangu Aprili. Maswali ya wageni yanakaa siku kumi. Hatukuyatia bei kwa sababu tulidhani ni mambo madogo.

La pili. Kuna mtu, simtaji, alichukua kazi moja ya 60,000 akaigawa vipande vitatu vya 30,000. Ni yai moja, anataka kuniuzia kiini, ute na ganda mbalimbali.

La tatu, na hili ndilo linaniuma. Kiraka cha 30,000 kinanichukua saa mbili kukipitia. Nakirudisha, kinakuja tena na kosa jipya, narudisha. Kikikubaliwa, simu yake inalia. Yangu hailii.

#17 KaziNiKazi
Dada, hiyo namba tatu ndiyo uzi wenyewe. Yaliyo juu ni mapambo.

#18 MlinziWaDaftari
Dada mbona hukuniambia?

#19 Dada_Mkaguzi
Nilikuambia Mei. Ulisema "tutaliangalia".

#20 Mgeni_Mwanza
Habarini majirani, mimi ni wa ng'ambo ya ziwa. Nimefurahi kuona mnajadili haya kwa Kiswahili, tena kilichonyooka, maana tulizoea kuambiwa Waganda hamkitaki.

Hoja yangu: miradi mikubwa duniani hailipi, na inakwenda. Debian, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ipo tangu 1993 na haijawahi kumlipa mtu.

#21 Nubi_Bombo
Mgeni karibu, ila wa kuambiwa hivyo si sisi wa Bombo. Kiswahili kilituzaa. Na kwenye katiba ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005.

#22 Kijana_wa_Malaba
Kwenye katiba. Ofisini wewe ongea Kiswahili uone kama hawatakuuliza ni mwanajeshi wa wapi.

#23 Fundi_Kasese
Turudi kwenye mada, kabla hili halijawa uzi mwingine.

Mgeni, kuhusu Debian umekosea nusu. Mwaka 2006 watu wa humo humo walianzisha mfuko wa pembeni, wakauita Dunc-Tank, kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo mwezi mmoja mmoja ili toleo la Etch litoke Desemba. Ilizuka vurugu. Waliojitolea wakauliza: kwa nini hao wawili na si sisi? Wengine wakapunguza kasi makusudi. Etch ilitoka Aprili 2007. Kwa hiyo kisa hicho kinamuunga mkono mwalimu wa #3.

Ila hakikuishia hapo. Tangu 2014 kuna kampuni zinazochangia chungu kimoja kupitia kampuni ya Freexian, wanalipwa watu wa kutunza matoleo ya zamani ya Debian, kazi ambayo karibu hakuna anayeitaka. Na hiyo imedumu. Tofauti ni nini? Mimi nasema ni aina ya kazi. Walilipia kuosha masufuria, hawakulipia kupika.

#24 Mgeni_Mwanza
Nimesahihishwa, shukrani. Mfano wa masufuria nauchukua, nitautumia kazini kesho.

#25 Mwalimu_Mbale
Fundi, ongezea hili. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walitoa utafiti wa wanafunzi wa Israeli waliokuwa wakizunguka nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi moja halikulipwa kitu. La pili lilipewa asilimia 1 ya walichokusanya, la tatu asilimia 10. Wa asilimia 10 waliwashinda wa asilimia 1, lakini waliokusanya nyingi kuliko wote ni wale ambao hawakulipwa. Maana yake, hiyo 30,000 yenu huenda imekaa pale pabaya kabisa: ni nyingi kiasi cha kuua moyo wa kujitolea, na ni kidogo mno kuwa kazi.

#26 KaziNiKazi
Sasa tunakubaliana bila kutaka. Mimi nasema pandisha. Kazi ya siku mbili ukiilipa 30,000, huyo boda hapo stendi anamcheka. Angalia programu zinazowalipa wageni kuingia miradi huria: Outreachy wanalipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, sawa kwa kila mtu, awe Gulu awe London. Google Summer of Code wao tangu 2017 wanapima kwa nchi, wa nchi ya bei ndogo anapata kidogo. Na nimeandika kodi ile ile.

#27 MhasibuMpole
Pandisha kwa pesa gani? Milioni 9 kwa laki nne kila mwezi, miaka miwili haitimii. Ukipandisha mara tatu, ni miezi saba. Halafu mnarudi kwenye hadithi ya mama wa mwalimu.

#28 Mkongo_Nakivale
Bandugu, salamu toka kambi ya wakimbizi. Mimi ni mmoja wa wale sita. Ni yule mgeni mmoja, si wa zamani.

Nimesoma yote. Mnaongea sana kuhusu moyo wa kujitolea. Mimi hapa Nakivale, siku ya umeme wa jua ukikataa, nalipa kuchaji simu na kuchaji laptopu ya kuazima. Kabla ya Machi nilikuwa naiona programu yenu, kikundi cha mama yangu wanaitumia, na bagi (hitilafu) ya tarehe naijua tangu mwaka jana. Nilishindwa kuja kwa sababu siwezi kutoa saa ishirini za bure. Ile bei ya 60,000 ndiyo ilinifungulia mlango. Sheria ya Uganda inaniruhusu kufanya kazi, lakini nani anakuja kuajiri hapa?

Kwa hiyo mkisema "turudi kama zamani", mjue zamani ilikuwa ya watu wa Kikoni wenye umeme.

Jambo jingine, malipo yangu mawili yalichelewa kwa sababu laini ninayotumia ina jina la jirani. Si kosa la Mlinzi. Nataka tu mjue "siku hiyo hiyo" si ya wote.

#29 Kijana_wa_Malaba
Uzi umenyamaza ghafla.

#30 Mwalimu_Mbale
Mkongo umesema la maana, na sina jibu lake. Mama yangu alikuwa na shamba, ndiyo maana aliweza kuitwa daktari kwa bure.

#31 Dada_Mkaguzi
Mkongo, viraka vyako ndivyo nisivyorudisha mara mbili. Nilitaka ulijue hilo.

#32 Nesi_Nakasero
Nimechelewa kuuona uzi. Mimi nipo upande wa damu. Hapa Uganda wachangia damu hawalipwi, wanapewa soda na biskuti. Na sijawahi kumsikia mtu akiuliza, "biskuti hizi ni za daraja gani?" Soda ni asante, haina hesabu ndani yake.

Ila kuna kitu mmekiruka. Kwetu damu hupungua kila shule zikifungwa, kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi. Mleta uzi, wa kujitolea wako ni kina nani? Kama ni wa vyuo, Mei ni mitihani, Juni mpaka Agosti wako intanshipu. Mwaka juzi Mei mlikuwa na vingapi?

#33 MlinziWaDaftari
@Nesi_Nakasero swali zuri, nimelitafuta. Mwaka juzi Mei vilikuwa 8, Juni 6. Hatukuwa tunalipa hata senti.

#34 Nubi_Bombo
Basi 15 ni ya miezi ya masomo, nawe unailinganisha na miezi ya mitihani. Huwezi kujua kitu mpaka Septemba.

#35 Fundi_Kasese
Ila kushuka hadi 6 si sawa na kushuka hadi 4 huku tisa vikihamia kwenye bei. Mwezi wa mitihani mwaka juzi ulitoa 8 jumla, mwaka huu 13 jumla. Kwa hesabu hiyo pesa *imeongeza*.

#36 Mchambuzi_Tororo
Kwa hiyo pesa imeharibu, haijaharibu, na imeongeza. Naenda kuagiza rolex ya pili.

#37 KaziNiKazi
Imeongeza viraka. Dada kashasema viraka si kazi yote. Mnakumbuka Hacktoberfest ya 2020, ile kampeni ya Oktoba ya kuchangia miradi huria? Kampuni ya DigitalOcean waliahidi fulana kwa mtu akituma viraka vinne. Watunza miradi wakafurikiwa na viraka vya kubadilisha neno moja kwenye ukurasa wa mbele, mpaka waandaaji wakabadili kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza: mradi usipojiandikisha wenyewe, hauhesabiwi. Hiyo ni fulana tu!

#38 Dada_Mkaguzi
Na curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, Januari 2026 wamefunga zawadi ya pesa kwa wanaoripoti mianya ya usalama, kwa sababu ripoti za kutungwa na AI zilikuwa zinawala muda. Aliyetuma alitumia dakika moja, aliyepitia saa nzima. Mimi naona kila mradi unaishia mlango uleule, kwa yule anayepitia.

Sisemi nataka pesa. Nikilipwa nitaanza kuhesabu saa, na nikianza kuhesabu nitaacha. Najijua. Ila angalau zile bei zisitangazwe bila kuniuliza nina nafasi wiki hiyo au la.

#39 Mzee_wa_Masaka
Vijana, sisi Buganda tuna bulungi bwansi. Ikilia ngoma ya Saagala Agalamidde, maana yake sitaki mtu alale, kila mtu anatoka na jembe lake kusafisha kisima na barabara. Hakuna aliyelipwa. Mnachokisahau ni kwamba asiyetoka alijulikana, na kijiji kilimjua. Kwenye intaneti nani anamjua asiyetoka?

#40 Kijana_wa_Malaba
Mzee wangu, siku hizi ngoma ikilia watu wanauliza kwanza kama kuna nauli.

#41 Mzee_wa_Masaka
Ndiyo maana kisima kimejaa magugu.

#42 Mgeni_Mwanza
Kwetu ni msaragambo. Na magugu yapo vilevile 😂

#43 MlinziWaDaftari
Asanteni wote. Nitakachofanya kwa sasa: zile kazi nyepesi za 30,000 naziondolea bei zote. Za 120,000 zinabaki, hasa za masufuria kama alivyosema Fundi. Dada ndiye atakayeamua ngapi zifunguliwe kwa wiki. Laki moja kila mwezi ni ya bando, kwa yeyote aliyegusa mradi hata kwa kujibu swali. Septemba nitaleta namba.

#44 KaziNiKazi
Ukiondoa za 30,000 umeondoa ngazi ya kwanza ya mtu kama Mkongo. Alianzia wapi yeye?

#45 Mkongo_Nakivale
Nilianza na ya 60,000. Lakini rafiki yangu alikuwa anataka kuanza na ya 30,000 wiki hii.

#46 Nesi_Nakasero
Na ukiondoa kitu watu walichozoea, hawarudi kuwa kama mwanzo. Wachumi wale wale wa #25 walipima faini kwa wazazi wanaochelewa kuchukua watoto chekechea kule Haifa. Faini ikawekwa, wakachelewa zaidi. Ikaondolewa, wakaendelea kuchelewa vilevile.

#47 Mwalimu_Mbale
Nesi kaniwahi, nilikuwa naandika hilo hilo.

#48 MlinziWaDaftari
Sasa mnataka nifanye nini?

#49 Mchambuzi_Tororo
Anza kwa kumjibu yule kijana wa neno moja.

#50 MlinziWaDaftari
Nimempigia sasa hivi. Anasema alikuwa anatania.

#51 KaziNiKazi
Na neno, amelirekebisha?

#52 MlinziWaDaftari
Bado.

#53 Fundi_Kasese
Nje ya mada kidogo: ile bagi ya tarehe, kikundi kikifunga hesabu tarehe 31, bado iko wazi? Wanachama wangu wa Bwera imewachanganya mara mbili.

#54 Dada_Mkaguzi
Ilichukuliwa Jumanne, ni ya 120,000. Aliyeichukua haonekani tangu hapo. Tumempa mpaka Ijumaa.